Ile ncha ya bawa iliyokunjwa juu, inafanya kazi gani hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuandika. Juzi nilisafiri nikapata siti ya dirishani, nyuma kidogo ya bawa, masaa matano yote naangalia ile ncha ya bawa imekunjwa kwenda juu kama sikio la sungura. Jirani yangu akasema ile ni ya kukata upepo, mzee wa siti ya nyuma akasema inabalansi ndege isiyumbe, mwanangu akasema ni pa kuchorea nembo ya kampuni. Ukweli ni upi? Na kama kweli ina faida, mbona Boeing 787 ambayo ni ya kisasa zaidi haina? – Mama wa Dirishani

JIBU: Marahaba mama, na karibu sana. Umeuliza kitu ambacho mi binafsi nakipenda mno, kwa hiyo naomba univumilie, jibu litakuwa refu.

Kitu chenyewe kinaitwa wingleti. Kazi yake ni kupunguza mafuta yanayochomwa, kwa kupunguza mburuto, yaani ile nguvu ya hewa inayoirudisha ndege nyuma wakati injini zinaisukuma mbele. Mpaka hapo ni rahisi. Shida ni kueleza kivipi, maana maelezo mengi yanayozunguka huko ni nusu kweli, na ili tuelewane inabidi tuanze na bawa lenyewe kabla ya ncha yake.

Bawa linabeba ndege kwa sababu presha ya hewa chini yake ni kubwa kuliko ya juu yake. Sasa hewa yenye presha haitulii, inatafuta pa kutokea. Katikati ya bawa hamna pa kutokea, ila kule kwenye ncha njia iko wazi, kwa hiyo hewa ya chini inazunguka ukingo na kupanda juu, na kwa vile ndege nayo inakimbia, hewa hiyo inaachwa nyuma ikiwa imejisokota. Unapata visulisuli viwili, kimoja kila upande, vinavyofuata ndege kwa kilomita kadhaa. Siku yenye unyevu mwingi, ndege ikiwa inakaribia kutua, unaweza kuviona kwa macho, kama nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye mabawa.

Ila kisulisuli chenyewe sio kwamba kimeishika ndege mkia kinaivuta. Kinachotokea ni kwamba ule mzunguko unaifanya hewa inayopita kwenye bawa ielekee chini kidogo. Bawa linajikuta linapita ndani ya hewa inayoshuka, na kwa kuwa nguvu ya kuinua siku zote inakuwa wima dhidi ya uelekeo wa hewa, nguvu hiyo inalala nyuma kidogo. Sio sana, ni pembe ndogo tu, lakini nguvu yenyewe ni kubwa maana inabeba tani na tani, kwa hiyo hata kipande kidogo kinacholala nyuma ni mzigo wa maana kwa injini. Hicho kipande ndo mburuto wa kuinua. Ichukulie kama nauli ambayo bawa linalipa kwa kubeba ndege, hailipwi mara moja, inalipwa kila sekunde muda wote ndege ikiwa hewani.

Nauli hiyo ni kubwa kiasi gani? Ndege kubwa ya abiria ikiwa imeshafika juu na kutulia kwenye mwendo wake, mburuto wa kuinua ni kama asilimia 40 ya mburuto wote. Wakati wa kuruka na kupanda, mwendo ukiwa mdogo, unaweza kufika asilimia 80 mpaka 90. Mburuto huu una tabia ya kipekee: unapungua mwendo unapoongezeka. Ukipunguza mwendo nusu, kwa uzito uleule na kimo kilekile, unakuwa mara 4. Na uzito ukiongezeka unapanda kwa kasi ileile: uzito mara 2, mburuto huu mara 4. Hii tabia ikae kichwani maana tutairudia chini.

Sasa dawa yake imejulikana tangu zamani: refusha bawa. Bawa refu linasukuma hewa nyingi kwa upole badala ya hewa kidogo kwa nguvu. Ukiongeza upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha kwa asilimia 10 tu, mburuto wa kuinua unashuka kwa karibu asilimia 17. Ndo maana ndege zisizo na injini, zile za kuelea, zina mabawa marefu membamba, na ndege wa baharini anayeitwa albatrosi naye hivohivo.

Basi si warefushe tu mabawa waachane na vikunjo? Hapo ndo panapoingia mambo mawili. La kwanza ni nafasi uwanjani. Viwanja vimepangwa kwa madaraja ya upana, na ndege kama Boeing 737 na Airbus A320 ziko kwenye daraja ambalo mwisho wake ni mita 36. A320 yenye wingleti kubwa, zile Airbus wanaziita sharklets, ina upana wa mita 35.8. Boeing 737-800 yenye wingleti nayo ni mita 35.8 hivohivo, wakati bila wingleti ilikuwa 34.3. Umeona walivyobana? Sentimita 20 kabla ya ukuta. Ukipita hapo ndege haiingii tena kwenye mageti iliyozoea.

Jambo la pili ni nguvu ya bawa. Bawa limeshikwa upande mmoja tu, kwenye shina lake pale kwenye kiwiliwili cha ndege. Mzigo ukiusogeza mbali na shina, ndo bawa linavyotaka kupinda zaidi, kama vile kubeba ndoo mkono umenyooshwa. Ukirefusha bawa inabidi uongeze chuma au kabonifaiba (nyuzi za kaboni, nyepesi lakini imara) kwenye shina, uzito unapanda, na uzito ukipanda nauli tuliyosema inapanda nayo.

Wingleti ni maelewano kati ya hayo yote. Nikwambie ukweli, kipande cha mita 2 ukikiongeza kikiwa kimelala kinapunguza mburuto zaidi kuliko kipande hichohicho kikisimama. Ila kikisimama hakichukui nafasi kubwa uwanjani, na shina la bawa linaongezewa mzigo mdogo zaidi. Kwa hiyo wingleti ni namna ya kuongeza urefu wa bawa pale ambapo huna ruhusa ya kulirefusha.

Sasa kuhusu 787. Ile ndege haijakosa dawa, imekunywa dawa ya aina nyingine. Angalia tena picha yake, utaona ncha za mabawa zimechongwa na kulazwa nyuma kama ncha ya panga. Boeing walilibuni bawa upya toka mwanzo, wakapewa nafasi ya upana, likajengwa kwa kabonifaiba ambayo inaweza kubeba bawa refu jembamba bila uzito kupitiliza, kwa hiyo wakauweka urefu ukiwa umelala. Boeing 777-300ER nayo ina ncha zilizolazwa nyuma hivohivo, upana wake ni mita 64.8, na daraja lake linaishia mita 65. Alafu ilipokuja 777X walitaka upana wa mita 71.8, wakaamua mabawa yakunjwe kwenye ncha: ikitua ncha zinasimama na upana unarudi mita 64.8, ikienda kuruka zinalazwa tena. Iliruka mara ya kwanza Januari 2020. Ile kukunja kwake sio wingleti, ikiwa hewani ncha zimelala kabisa. Kwangu mimi hiyo ndege ndo ushahidi bora kwamba kama mhandisi angeachiwa nafasi, angerefusha.

Na wale majirani zako: wa kukata upepo alikuwa karibu karibu, wa kubalansi hapana, na mwanao yuko sahihi kwamba wanachorea nembo, tena pande zote mbili za wingleti.

SWALI: Mwalimu, mi nasoma fizikia kidato cha tano. Tumeambiwa wingleti ni kama ukuta, inaizuia hewa ya chini isipande juu. Lakini nikiwaza, ukuta ungekuwa chini ya bawa ndo hewa inakotokea, mbona wao wanauweka juu? – Kijana wa Fizikia

JIBU: Kijana umenifurahisha sana, kwa sababu swali lako ndo lilelile lililotenganisha wazo la zamani na wazo la sasa.

Wazo la ukuta lipo tangu 1897, Mwingereza Frederick Lanchester alichukua hataza, yaani haki ya mbunifu, ya kuweka bamba wima kwenye ncha za bawa, na hiyo ni kabla hata binadamu hajaruka kwa ndege yenye injini. Bamba lilipunguza mburuto wa kuinua kweli, ila lenyewe lilisuguana na hewa kiasi kwamba faida yote ikaliwa. Kwa miaka mingi wazo likabaki hapo.

Aliyelifufua ni Richard Whitcomb wa NASA, shirika la anga la Marekani, pale kwenye kituo chao cha utafiti cha Langley, miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya mwaka 1973. Yeye hakulichukulia kama ukuta. Alisema hicho kipande kisimame kama bawa dogo kamili, chenye umbo la bawa, pembe yake imepimwa, mkunjo wake umepimwa.

Fikiria hewa inavyokwenda pale kwenye ncha. Juu ya bawa hewa haiendi moja kwa moja nyuma, inaingia ndani kidogo kuelekea kiwiliwili. Wingleti imesimama kwenye hiyo hewa inayokuja kwa mshazari. Kwa kuwa ina umbo la bawa inatengeneza nguvu yake yenyewe, na nguvu hiyo inaelekea ndani, ila kwa sababu hewa inakuja kwa mshazari nguvu hiyo inaegemea mbele kidogo. Mbele! Ni kama tanga la jahazi linapopiga bisho, upepo unatoka mbele kwa ubavu na chombo bado kinasonga mbele, wala hakirudi nyuma. Kile kipande kidogo cha nguvu kinachoelekea mbele ndo kinachofidia sehemu ya mburuto. Kwa hiyo wingleti inachota kidogo kutoka kwenye mzunguko uleule ambao ungepotea bure.

Pia kuna njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo, na zote mbili ni sahihi: wingleti inasambaza ule mzunguko kwenye eneo kubwa zaidi badala ya kuuacha umejikusanya kwenye ncha, na hewa inayosukumwa chini kwenye bawa inapungua. Ndo maana jibu la kwa nini isiwe chini ni kwamba hata chini inafanya kazi. A320 nyingi za kabla ya sharklets zilikuwa na vipande vidogo vya juu na chini pamoja, 737 MAX nayo ina ya juu na ya chini. Ila chini kuna ardhi, magari ya uwanjani, na ndege ikiinama upande wakati wa kutua ncha inaweza kugusa lami, kwa hiyo sehemu kubwa inawekwa juu.

Whitcomb alichapisha matokeo yake 1976. Kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha kupimia mfano wa ndege kwa upepo, wingleti ilipunguza mburuto wa kuinua kwa kama asilimia 20, na uwiano wa nguvu ya kuinua kwa mburuto ukapanda kwa kama asilimia 9. Kisha NASA na jeshi la anga la Marekani wakazifunga kwenye KC-135, ndege ya jeshi ya kujazia nyingine mafuta hewani, mwaka 1979 na 1980 wakairusha, wakapata akiba ya mafuta ya asilimia 6 na nusu hivi. Kabla ya hapo, 1977, Learjet 28 ilikuwa imesharuka nazo, hiyo ndo ndege ya kwanza ya jeti iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ikiwa na wingleti. Boeing 747-400 ikafuata mwisho wa miaka ya 80.

Mwambie mwalimu wako kwa adabu tu kwamba ukuta ni mfano wa kuanzia, tanga ni mfano wa kumalizia.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nasomea urubani, bado niko kwenye ndege ndogo. Nasikia wingleti zinaokoa asilimia 4 ya mafuta. Je ni kwa kila safari? Na rubani anaona tofauti gani? – Mwanafunzi wa Anga

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hiyo asilimia 4 ni ya kweli ila ina masharti. Kwa 737-800 na A320 ndo namba ya juu, kwenye safari ndefu. 737-800 inakula tani 2 na nusu hivi za mafuta kwa saa, safari ya masaa matano ukiokoa asilimia 4 ni kama kilo 500. Kwa ndege moja kwa siku moja hiyo ni hela, kwa ndege 100 kwa mwaka mzima usiseme.

Safari fupi hesabu inageuka. Wingleti ina uzito wake, pamoja na vyuma vya kuimarisha bawa, na ina ngozi inayosuguana na hewa. Msuguano unapanda na mwendo wakati mburuto wa kuinua unashuka na mwendo (kumbuka ile tabia niliyosema kwa mama wa dirishani). Kwenye safari ya dakika 50 ndege ni nyepesi maana imebeba mafuta kidogo, mara nyingi haifiki kimo kikubwa, inakimbia kwenye hewa nzito, kwa hiyo mburuto wa kuinua ni mdogo na wingleti inabaki na kazi ndogo huku uzito wake uko palepale. Mfano mzuri ni 747-400D, iliyotengenezwa kwa safari za ndani za Japani, ilikuwa inabeba watu zaidi ya 500 kwa safari fupi fupi. Boeing waliitoa bila wingleti kabisa, wakati 747-400 za safari ndefu zote zinazo. Ndege ileile, bawa karibu lilelile, safari tofauti, uamuzi tofauti.

Kwa upande wako rubani, faida unaiona mapema, kwenye kuruka. Mwendo mdogo, uzito mkubwa, hapo mburuto wa kuinua ndo umetawala, na ukizimikiwa injini moja kila kipande cha mburuto kilichopungua kinakusaidia kupanda. Kwenye viwanja vya joto au vilivyo juu sana ambako hewa ni nyepesi, hii inaweza kumaanisha abiria au mizigo zaidi kwa ndege ileile. Au kama uzito hauhitajiki, unaruka kwa msukumo mdogo wa injini, na injini isiyokamuliwa inadumu. Ukifika juu unaweza pia kupanda kwenye kimo kikubwa mapema zaidi.

Kwenye kushuka ujue ndege itakuwa na uvivu wa kupunguza mwendo, maana mburuto uliozoea kukusaidia umepungua. Anza kushuka mapema kidogo, na kwenye kutua usije na mwendo wa ziada, itaelea juu ya lami unaiangalia. Na upepo wa ubavu usiudharau, wingleti ni sehemu ya ziada inayosukumwa na upepo.

Kitu kimoja nakusihi kama kaka: usije ukafikiri ndege yenye wingleti haiachi visulisuli nyuma yake. Inaacha, na vina nguvu. Nguvu ya visulisuli inatokana hasa na uzito unaobebwa, pamoja na mwendo wa ndege, na uzito haujaondoka kwa sababu ncha imekunjwa. Ukiwa kwenye kindege chako nyuma ya jeti kubwa, umbali unaopewa na waongozaji ni uleule, iwe jeti ina wingleti au haina. Subiri dakika zako.

SWALI: Wingleti moja ikivunjika ndege inaanguka? – Muulizaji

JIBU: Hapana. Kuna ndege, 747-400 ikiwemo, ambazo zina kibali cha kuruka wingleti moja ikiwa imetolewa, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye vitabu vyake: mafundi wakague pale ilipotoka, marubani wapunguze uzito na kuhesabu mafuta zaidi. Bawa linabaki bawa, linachokosa ni ile akiba tu.